Tuwafundishe kuhesabu atomu, tusiwakaririshe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu namna tunavyowaanzisha watoto wetu katika kemia.

Vijana wengi wanaoingia kidato cha kwanza hukariri fomula kama mtu anavyokariri namba ya gari. Watakuambia upesi kwamba maji ni H₂O. Lakini waulize 2H₂O ina atomu ngapi. Huyu atasema nne, yule tano. Jibu ni sita. Namba ndogo ya chini ni ya atomu iliyoitangulia peke yake, yaani haidrojeni mbili. Oksijeni haina namba, kwa hiyo ni moja. Namba kubwa ya mbele huzidisha zote: tatu mara mbili.

Lawama yote hutupiwa Kiingereza. Mimi nasema Kiingereza hakihusiki hapa. Chuma huandikwa Fe, na chumvi ya mezani NaCl. Fe na Na zimetokana na Kilatini, na mtoto wa Uingereza hujifunza alama hizo upya kama wetu. Kuzidisha na kufungua mabano watoto hufundishwa shule ya msingi, tena kwa Kiswahili. Basi ubaya uko wapi mwalimu wa shule ya msingi akiwaonjesha kazi hii kabla hawajaondoka mikononi mwake?

Vifaa tunavyo. Punje ya hindi iwe kaboni, harage liwe oksijeni, kunde iwe naitrojeni na ulezi uwe haidrojeni. Mpe mtoto fomula ya mbolea ya urea, CO(NH₂)₂. Ataweka hindi moja na harage moja. Kisha atatengeneza fungu la kunde moja na punje mbili za ulezi, na fungu la pili kama hilo, kwa kuwa namba iliyo nje ya mabano ni mbili. Akihesabu atapata kaboni 1, oksijeni 1, naitrojeni 2 na haidrojeni 4. Jumla atomu 8. Hatasahau tena kwamba mabano ni fungu. Ukitumwa mafungu mawili ya mchicha, huongezi jani la mwisho tu.

Wapo watakaosema huo ni mzigo wa sekondari. Lakini si kila mtoto anayemaliza shule ya msingi huendelea, na anayebaki kijijini ndiye atakayenunua mbolea. Mbolea ya SA ni (NH₄)₂SO₄. Ukihesabu, ina naitrojeni 2, haidrojeni 8, salfa 1 na oksijeni 4, jumla 15. Naitrojeni ni mbili, sawa na urea, ila mzigo unaoisindikiza ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana mfuko wa urea huandikwa asilimia 46 ya naitrojeni, na wa SA asilimia 21. Katika kilo 50, urea hutoa naitrojeni kilo 23 na SA kilo 10 na nusu. SA nayo ina faida yake, kwani huleta salfa ambayo urea haina. Mkulima aliyefundishwa kuhesabu atajua anacholipia dukani. Aliyekaririshwa atasubiri kuambiwa na muuzaji.

Natoa rai kwa walimu wenzangu tutenge walau vipindi viwili vitatu kwa zoezi hili katika darasa la mwisho. Halihitaji maabara wala fedha za wazazi. Nao wanaotunga mitihani wapunguze maswali ya kutaja fomula, wamtake mtoto aihesabu. Mwalimu hufundisha kile anachojua kitaulizwa.

Sayansi tunayoihubiri kila siku haitafika shambani kwa kukariri. Tuanze na kuhesabu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi, Songwe.