Ukinunua Gari, Uliza Ufunguo wa Pili Uko Wapi

Wakenya tunajua kukagua gari. Tunafungua boneti, tunachungulia chini kama kuna mafuta yanadondoka, tunaita makanika wa mtaani asikilize injini, tunapiga magurudumu teke (hilo teke husaidia nini hata sijui). Kisha tunalipa, tunapokea ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba yenye jina la yadi, na tunaenda nyumbani tukipiga honi. Ufunguo mmoja, kwa kitu cha milioni moja! Hata kufuli ya dukani huja na funguo 2 au 3.

Ukiuliza wa pili unaambiwa, “Boss, hii ilikuja hivyo kutoka Japani.” Wanasema kwa upole kabisa, kama mtu anakuambia jana kulinyesha. Mimi nataka tukatae hilo jibu, na tulikatae kabla pesa hazijatoka kwa akaunti.

Gari ikitoka kiwandani kwa kawaida hutoka na funguo 2, na mara nyingi huwa na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, ambayo fundi anaweza kuitumia kuchonga mwingine. Kwa hivyo ukipewa mmoja, jua kuna mwingine ulikuwako. Kama ulibaki kwa droo ya mzee fulani kule Nagoya, sawa, hatapanda ndege aje kuiba Demio yako Kahawa. Lakini kama gari imekuwa barabarani hapa hapa Kenya, mkono wa pili au wa tatu, basi na ufunguo uko hapa hapa. Pengine uko kwa mwenye gari wa kwanza, au kwa dereva wake aliyefutwa kazi, au kwa mkopeshaji aliyechukua logibuku na ufunguo pamoja kama dhamana. Na gari yako bado inamtambua huyo mtu.

Inamtambua kweli, sifanyi utani. Ndani ya ile plastiki ya ufunguo kuna chipu ndogo sana isiyo na betri. Ukiingiza ufunguo na kuzungusha, koili iliyozunguka swichi inaipa chipu nguvu kidogo kwa mawimbi, nayo inajitambulisha kwa kompyuta ya gari. Kompyuta inaangalia orodha yake. Ikiipata, injini inawaka. Isipoipata, gari inakataa kuwaka, au inanguruma sekunde moja mbili halafu inazima. Ndiyo maana msee wa kuchonga funguo chini ya mwavuli anaweza kukutolea meno yanayofanana kabisa, ufungue mlango bila shida, na gari bado isitoke hapo. Amechonga chuma, lakini gari yenyewe haijaambiwa chochote. Ile betri unabadilisha kila baada ya muda ni ya rimoti ya milango, hiyo ni kazi tofauti. Hata gari za kubonyeza kitufe, betri ya ufunguo ikikufa, ulete ufunguo ukaribie kitufe chenyewe na mara nyingi gari itawaka, kwa sababu chipu haijafa.

(Niliacha chuo mwaka wa pili na kuna watu bado wananionea huruma. Haya yote nilifunzwa na fundi wa Kirinyaga Road akinywa chai, dakika 20, bure.)

Sasa sikizeni hii, maana hapa ndipo pesa zenu zinaenda. Kuongeza ufunguo wakati uko na mmoja unaofanya kazi ni shughuli ya kawaida. Fundi anachonga, anachomeka mashine yake kwenye lile tundu chini ya usukani, ufunguo wa zamani unatambulishwa, mpya unaongezwa kwa orodha, kwisha. Kuna hata Ford za Marekani ambazo ukiwa na funguo 2 zinazofanya kazi, unaongeza wa 3 mwenyewe ukiwa umekaa kwa kiti cha dereva. Lakini ukiwa huna hata mmoja, gari haina mtu wa kumuamini. Hapo fundi lazima atafute namna ya kuchonga bila mfano, halafu aingie kwa kompyuta kwa njia ndefu, na kwa magari mengine ang'oe kompyuta yenyewe aisome mezani. Bei inapanda mara kadhaa. Na gari haiwezi kujiendesha kwenda kwa fundi, kwa hivyo ni fundi aje au gari ivutwe.

Kwa hivyo yadi ikikupa ufunguo mmoja, imekuachia bili ambayo siku yake tu ndiyo haijulikani.

Jirani yangu anaendesha teksi za simu. Gari si yake, analipa mwenye gari kila siku, wikendi ndani. Ufunguo ulidondoka kwenye mtaro wa maji machafu saa tano usiku, mvua ikinyesha, na mtaro ukaubeba. Ulikuwa ndio huo tu. Alilipa gari ya kuvuta, akalipa fundi, akakaa siku 3 bila kazi, na mwenye gari akataka pesa zake za hizo siku 3 kama kawaida. Mwenye gari ndiye alinunua gari ya ufunguo mmoja. Lakini aliyelipa ni yule ambaye hata jina lake haliko kwa logibuku. Nyinyi mnaokodisha magari kwa vijana, hebu fikirieni hapo kidogo. Kumpa mtu gari ya kutafutia mkate na ufunguo mmoja, halafu umbebeshe hasara yote, huo ni uonevu bana.

Halafu kuna wale wa gereji kubwa zenye kiyoyozi na kahawa ya bure. Wao wanakuambia usiguse fundi wa mtaani, atakuharibia kompyuta, ufunguo wa kweli ni kwao peke yao, ngoja wiki kadhaa uagizwe. Ukweli kidogo uko hapo: mtu asiyejua kazi, na mashine ya bei ya chini, anaweza kuvuruga kompyuta ukajuta. Lakini kutoka hapo hadi kusema ni wao tu wanaofaa ni safari ndefu. Tena wanapenda kusema siri ndiyo usalama. Mwaka 2013 Volkswagen ilienda mahakamani Uingereza ikazuia watafiti kuchapisha udhaifu wa chipu inayoitwa Megamos Crypto. Utafiti ulitoka 2015. Hiyo miaka 2, udhaifu ulikuwa bado uko ndani ya magari ya watu. Wenye magari ndio walikuwa hawajui.

Na mtu asinijibu eti basi chipu zitolewe turudi kwa funguo za chuma tupu. Marekani, Hyundai na Kia ziliuza magari mengi ya kuanzia 2011 hadi 2021 bila hiyo kinga ya chipu, vijana wakagundua jinsi ya kuyawasha kwa kichwa cha waya wa USB, video zikaenea, na magari yakaibwa hadi kampuni zikaingia kwa suluhu ya karibu dola milioni 200. Chipu ni kitu kizuri. Ninachouliza ni nani anaiamrisha, wewe uliyelipa ama watu wengine.

Sasa mafundi wetu, nawapenda lakini nanyi mnaskizwa leo. Fundi anayeprogramu ufunguo bila kuuliza kitambulisho na logibuku anamfanyia kazi mwizi, hata kama hajui. Marekani mafundi wa funguo waliochunguzwa wana sajili yao, NASTF, inayowafungulia misimbo ya funguo kutoka kwa watengenezaji, lakini lazima kwanza wathibitishe mwenye gari na waweke rekodi. Hapa kwetu rekodi za umiliki ziko NTSA, mtu anazitafuta kwa simu kupitia eCitizen akiwa amekaa kwa stuli. Sioni kwa nini fundi aliyesajiliwa Nairobi, Nakuru au Mombasa asifanye vivyo hivyo, apate kazi yake kwa heshima badala ya kuitwa jambazi na gereji za kahawa.

Serikali nayo inajua kuhesabu miaka. Gari ya kutoka nje isizidi miaka 8, usukani uwe kulia, ikaguliwe kabla ya kupanda meli. Funguo je? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Kama habari kwamba kuna ufunguo mwingine unaowasha gari yangu, na sijui uko kwa nani, haiingii hapo, basi niambieni ni habari gani inaingia.

Na hili jambo lina dawa, ndiyo linaniudhi zaidi. Fundi akiwa ameshachomeka mashine, kwa magari mengi anaweza kufuta orodha nzima na kuandika upya funguo ulizo nazo mkononi tu. Ule uliopotea unabaki chuma cha kufungulia mlango, injini haiwashi tena. Watu wengi wanaongeza ufunguo na wanasahau kuomba hili. Ombeni. Ni kazi ya kikao kile kile.

Ukienda yadi wikendi hii, usisaini kabla mstari huu haujaandikwa kwa mkataba: “Muuzaji amekabidhi funguo 2, zote zimejaribiwa kuwasha injini mbele ya mnunuzi, na funguo nyingine zote zimefutwa kwenye kompyuta ya gari.” Akikataa, toa gharama ya hiyo kazi kwa bei yake. Akikataa tena, toka. Yadi ni nyingi Ngong Road.