Jicho la Angani na Kijani cha Kando ya Barabara

Tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 huipiga picha nchi yetu, na picha hizo hutolewa bure kwa yeyote azitakaye. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Kwa tofauti hiyo mtaalamu aliyeketi ofisini hutambua palipo na miti na palipobaki vumbi. Katika Barabara ya Bagamoyo, ipitayo Kinondoni yetu, chombo hiki chaweza kuonyesha kila upanuzi umetugharimu kivuli kiasi gani. Hilo ni jema.

Lakini kipande kidogo kabisa cha picha hiyo ni mraba wa mita 10. Hifadhi ya barabara kuu, kwa Sheria ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati: miraba mitatu tu, tena sehemu yake ni lami na mitaro. Bustani ya mama auzaye miche na maua itaonekana doa la kijani, sawa na magugu. (Wakati wa masika mawingu hulificha hata doa hilo.) Setilaiti haisemi ni nani aliyemwagilia.

Sheria haimruhusu mama huyo kufanya biashara pale bila kibali, hatubishi. Tunachodai ni kwamba picha itakayotumiwa kuamua kufyeka ibandikwe kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa, naye apewe muda wa kuihamisha miche yake ingali hai. Na picha hizohizo zitumike pia kupima kijani kinachoondolewa na wakandarasi.