Ukubwa wa Kampuni Si Kinga

Wako wadhanio ya kuwa kampuni kubwa hufanya ipendavyo. Sivyo. Na tuitazame U.S. Steel ya Marekani. Ilipoundwa mwaka 1901 ilitoa karibu theluthi mbili za chuma chote cha nchi ile. Mwaka 1959 wafanya kazi wa viwanda vya chuma, wapatao nusu milioni, waligoma siku 116. Wanunuzi hawakungoja; mwaka ule Marekani ilinunua chuma cha nje kuliko ilichouza.

Mwaka 1969 Nucor, kampuni ndogo, ilianza kuyeyusha chuma chakavu kwa tanuri za umeme, kwa gharama nafuu. U.S. Steel, iliyotegemea tanuri kubwa za makaa, ilitafuta faida kwingine, ikanunua kampuni ya mafuta mwaka 1982. Kiwanda kimoja cha tanuri za umeme huko Arkansas ilikuja kukimiliki chote mwaka 2021. Mwaka 2025 yenyewe ikanunuliwa na Nippon Steel ya Japani.

Nasi wenye mashamba na vyama vya kuuza mazao tuzingatie: mnunuzi haulizi ukubwa wa muuzaji, huuliza bei. Achelewaye kubadili zana zake atazinunua baadaye kwa gharama kubwa zaidi.