Nyumbani Mwetu: Telekomande Hii ni ya Nani?

Juma hili nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, lakini kinachoweza kuleta furaha au huzuni katika nyumba nzima. Kitu hicho ni telekomande, na hasa ile inayotumika kuiongoza kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Msiseme, "Haya ni mambo ya mafundi." Nitawaeleza yaliyotokea kwa jirani yangu, nanyi mtaona kwamba ni mambo ya jamaa.

Jirani yangu huyo ni mwalimu, anakaa hapa Lubumbashi pamoja na mkewe, watoto wao na mama yake mzee. Alinunua kompyuta kuukuu iliyokuwa ikitumika ofisini, akaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Katika diski yake aliweka Misa zilizorekodiwa, nyimbo za kwaya, masomo ya watoto, sinema chache zilizo njema, na picha za ubatizo na ndoa za jamaa. Hivyo hakuhitaji kununua intaneti kila jioni. Akaweka pia programu iitwayo Kodi, ambayo kazi yake ni kupanga sinema, nyimbo na picha na kuzionyesha. Jina lake ni Kodi, lakini haina kodi ya kulipa: hutolewa bure. Ilianza kama programu ya mashine ya michezo iitwayo Xbox, ikapewa jina hili mwaka 2014.

Siku moja ya kazi, yapata saa tatu asubuhi, nilipita kwake kurudisha karatasi za kwaya. Nilimkuta mama yake peke yake, ameketi mbele ya televisheni, rozari mkononi. Miguu yake imekwisha kuwa dhaifu, hawezi tena kufika kanisani. Katika kioo cha televisheni niliona maandishi madogo madogo na mshale uliosimama pembeni.

"Jambo, Mama," nilimsalimu.

"Jambo, mwanangu, karibu."

"Unatazama nini, Mama?"

Akacheka kidogo. "Ninamngoja mjukuu wangu arudi kutoka masomoni. Yeye ndiye anayejua kuifungua Misa."

Mjukuu huyo hurudi saa saba. Mama yule alikuwa na saa nne za kungoja. Hakunung'unika hata kidogo. Aliniambia tu, "Niligusa kile kipanya, mshale ukakimbia. Nikaogopa kuharibu mali ya mtoto wangu."

Jioni nilimweleza mwalimu niliyoyaona. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na mimi niliinunua kwa ajili yake kwanza." Basi tukaketi pamoja, tukatafuta ni njia gani iliyo bora ya kuiongoza kompyuta ile. Njia tulizozikuta ni nne, na kila moja ina wema wake na kasoro yake.

Njia ya kwanza ni kibodi na kipanya. Hivi hununui kitu, kwa maana vilikuja pamoja na kompyuta. Navyo vyafaa sana siku ya kupanga mambo au kuandika majina ya nyimbo. Tena Kodi husikia kibodi vizuri: mishale minne hutembea katika orodha, kitufe cha Enter hufungua, Backspace hurudisha nyuma, na kile kirefu cha chini husimamisha sinema kwa kitambo. Lakini kibodi na kipanya vilifanywa kwa mtu aketiye mezani, macho yake karibu na kioo. Aliye katika kiti cha sebuleni, mita tatu kutoka kwenye televisheni, hana mahali pa kukimbiza kipanya, na mshale haumwonekanii. Zaidi ya hayo, kibodi ina vitufe themanini au mia, na mama mzee ana haja ya sita tu. Vile vingine vyote ni vya kumtia hofu.

Njia ya pili ni simu. Kuna programu ya simu za Android iitwayo Kore, iliyotolewa na watu wa Kodi wenyewe, inayoifanya simu kuwa telekomande. Wengine hudhani ya kuwa lazima ulipe intaneti. Sivyo. Yatosha simu na kompyuta ziwe katika Wi-Fi moja ya nyumbani, hata kama siku hiyo hakuna intaneti. Kuandika jina la wimbo kwa simu ni rahisi kuliko kwa telekomande yoyote. Lakini fikirini: simu ni ya nani? Ni ya baba. Baba akienda kazini, telekomande nayo imekwenda kazini. Na betri ya simu ikiisha wakati umeme umekatika tangu asubuhi, umeme utakaporudi simu italazimika kungojwa. Tena kioo cha simu ni laini kote. Kidole hakitambui kitufe gizani, lazima jicho litazame.

Njia ya tatu ni kutumia telekomande ya televisheni yenyewe. Ndani ya waya wa HDMI kuna njia ndogo ya kupitisha amri, iitwayo CEC, ambayo imekuwamo tangu HDMI ya kwanza ya mwaka 2002. Ukibonyeza mshale katika telekomande ya televisheni, televisheni huipeleka amri kwa chombo kilicho upande wa pili wa waya. Watengenezaji wameipa majina yao: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink, Sony huiita Bravia Sync. Yafaa kutafuta jina hilo katika mipangilio ya televisheni na kuliwasha. Njia hii ni nzuri mno, kwa sababu mama mzee ameizoea telekomande ya televisheni tangu zamani. Kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, huielewa CEC bila nyongeza yoyote. Lakini kompyuta nyingi za kawaida, kama ile ya mwalimu, haziielewi, ila zikinunuliwa kifaa cha kuchomeka katikati.

Njia ya nne ni telekomande iliyo ya kompyuta yenyewe, pamoja na kipokezi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB. Nazo ni za namna mbili. Za kwanza hutumia mwanga ambao jicho halioni. Mwanga huo hupepesa upesi sana, mara nyingi kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, na ndiyo maana kipokezi hakiuchanganyi na mwanga wa taa. Lakini haupiti katika mlango wa kabati, wala katika mgongo wa mtoto aliyesimama mbele. Mkitaka kujua kama telekomande ya namna hii imekufa au ni betri tu, ielekezeni kwenye kamera ya simu na kubonyeza: katika simu nyingi mtaona nukta nyeupe au ya zambarau ikiwaka. Ikiwaka, telekomande ni nzima. Namna ya pili hutumia mawimbi ya redio. Hizi haziulizi imeelekezwa wapi, nazo hufanya kazi hata kama kompyuta imefichwa kabatini, ili mradi kipokezi kisizibwe na chuma nyuma ya kompyuta.

Kuna pia zile ambazo ukizitikisa hewani, mshale wa kipanya hutembea. Vijana wanazipenda. Lakini mkono wa mzee ukitetemeka, mshale nao hutetemeka. Tukaziacha.

Tukikumbuka habari za zamani, tutaona kwamba taabu hii si mpya. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza telekomande ya televisheni yenye waya mrefu, na watu wakajikwaa juu ya waya huo. Mwaka 1955 Eugene Polley alitengeneza ya mwanga, lakini jua lilipoingia dirishani liliichafua kazi yake. Mwaka 1956 ikatoka ile ya Robert Adler, iliyogonga vipande vya chuma vikatoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Hiyo haikuhitaji hata betri. Mnaona basi: kila mara chombo kilionekana kizuri mikononi mwa fundi, na kasoro yake ilijulikana sebuleni.

Mwalimu alichagua telekomande ya redio, yenye vitufe vichache vikubwa. Haikuwa ya bei kubwa. Lakini, wasomaji wapenzi, kununua hakukutosha. Kazi ya kweli ilikuwa katika kupanga, nayo ilimchukua jioni mbili.

Kwanza, aliipanga kompyuta ifungue Kodi yenyewe mara inapowaka, ili mama asione tena maandishi madogo na mshale. Kodi imechorwa kwa herufi kubwa za kusomwa kutoka mbali, na haina haja ya kipanya. Pili, aliweka Misa na nyimbo juu kabisa ya orodha, na sinema za watoto chini. Tatu, alifikiri juu ya umeme, ambao sote twajua tabia yake. Telekomande za namna hii mara nyingi haziwezi kuiwasha kompyuta iliyozimwa kabisa. Kwa hiyo alibandika karatasi nyekundu kwenye kitufe cha kuwashia. Kompyuta nyingi zina pia agizo, katika mipangilio yao ya ndani iitwayo BIOS, la kujiwasha umeme unaporudi. Yeye aliliacha, maana umeme ukirudi kwa nguvu hudhuru. Aliweka badala yake chombo cha kusawazisha umeme. Nne, alimfundisha mama yake kuizima kompyuta kwa njia ya orodha ya Kodi, si kwa kung'oa waya, kwa sababu diski ikikatwa umeme katikati ya kazi huweza kuharibika.

Kibodi haikutupwa. Imewekwa kabatini kwa siku ya matengenezo. Na simu ya baba ni msaidizi, si mtawala.

Kisha ukafika mtihani. Sikiliza vizuri, ewe baba wa nyumba, kwa maana hapa ndipo penye kipimo cha njia iliyo bora. Mwalimu alimpa mama yake telekomande, akatoka nje, akafunga mlango. Siku ya kwanza mama alipotea katika orodha, akaita. Mwana hakumnyang'anya telekomande wala hakusema, "Lete, nifanye mimi." Aliketi kando yake, akamwonyesha kitufe cha kurudi nyuma, akasema, "Mama, ukipotea, bonyeza hiki mpaka uone picha ya kanisa. Huwezi kuharibu kitu." Siku ya pili tulikuwa nje ya ukumbi tukasikia wimbo wa kuanza Misa. Mwalimu aliinamisha kichwa, wala hakusema neno.

Kwa hiyo, akiuliza mtu, "Njia gani ni bora?" namjibu: usiulize kwanza ni ipi iliyo mpya, wala ni ipi yenye vitufe vingi. Uliza: katika nyumba hii, nani aliye dhaifu kuliko wote, naye ataweza kuitumia akiwa peke yake? Ikimfaa huyo, wenye nguvu hawatashindwa.

Neno moja tena kwa wazazi. Wazee wetu walisema, "Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama." Katika nyumba nyingi ndivyo ilivyo: mwenye kushika telekomande ndiye mwenye jioni, na wengine hutazama apendacho yeye. Pengine ni baba, pengine ni kijana mkubwa. Haifai. Kitu cha jamaa kiwe na mahali pa jamaa. Kwa mwalimu, telekomande hukaa katika kikapu kidogo chini ya msalaba, na baada ya sala ya jioni hurudi humo.

Tena, kumpa kila mtu uwezo si kumwachia mtoto mambo yote. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya vyombo vya habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao mzito wa kuangalia yasiingie nyumbani mambo ya kudhuru roho. Kodi ina namba ya siri inayoweza kufunga sehemu fulani, na inaweza kumpa kila mmoja mlango wake. Itumieni. Lakini namba ya siri haimlei mtoto. Mzazi aketiye pamoja na watoto wake na kuzungumza nao juu ya waliyoyaona, huyo ndiye mlezi.

Mwisho, mkumbukeni Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyefariki mwaka 1253. Husimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda kanisani na masista wake, na Mungu akamjalia kuisikia na kuiona ibada kutoka chumbani mwake. Kwa sababu hiyo Papa Pius wa XII alimweka kuwa msimamizi wa televisheni. Sisi hatuwezi kufanya miujiza. Lakini kuwapangia wagonjwa na wazee wetu vitufe sita wanavyoweza kuvibonyeza bila hofu, hilo twaweza. Jumapili hii, mkirudi kutoka Misani, tazameni telekomande ya nyumbani mwenu, na kuuliza: hii ni ya nani?