Wakili Anayejua Kuhesabu Mikorosho



Katika parokia zetu za Nachingwea na Ruangwa si ajabu tena kusikia kwenye matangazo ya Misa kwamba mtoto wa jumuiya fulani amehitimu shahada ya sheria. Watu hupiga vigelegele, mama mzazi husimama, na nje ya kanisa maswali huanza. Sasa asome nini? Siku hizi jibu huja haraka: uzamili. Lakini uzamili wa nini, hapo mazungumzo huishia hewani. Wengine husema sheria tena, maana ndiyo aliyoianza. Wengine husema ule wa biashara, kwa sababu unasikika vizuri na unafungua milango ya Dar es Salaam.

Sisi mafrateri wa falsafa tunalo neno juu ya jambo hili, ingawa wapo watakaosema halituhusu. Linatuhusu. Wengi wetu tuna umri wa miaka 25 hivi, na wanaomaliza sheria sasa ni wenzetu tuliokaa nao dawati moja. Tena wapo miongoni mwetu ambao Mungu atawaita katika maisha ya ndoa na kazi, nao watakutana na swali hilihili. Maoni yetu ni haya: kijana wa kwetu mwenye shahada ya sheria, akipata nafasi ya kusoma uzamili, asiusomee sheria. Asomee kile ambacho watu wa kwao wanagombana juu yake.

Na watu wa kwetu wanagombana juu ya nini? Chukua madini ya kinywe ya Ruangwa. Wawekezaji wamekuja, vijiji vimefanya mikutano, mashamba yamepimwa. Mwenye shamba hupewa karatasi yenye jumla ya fidia chini yake na mahali pa kuweka sahihi. Anaitazama, anakwenda kwa mtoto wa jirani aliyesoma sheria, na kumwuliza: je, nisaini?

Mtoto huyo anaijua sheria. Anajua kwamba Kanuni za mwaka 2001 za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia hazitaji thamani ya ardhi na vilivyomo peke yake, bali pia posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya faida iliyopotea. Huenda anajua pia kwamba kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 uthamini wa fidia hukoma kuwa halali ukipita miaka 2 tangu kuidhinishwa bila watu kulipwa. Hadi hapo amefundishwa vizuri.

Kisha zinakuja hesabu. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja kwa bei ya soko mara miezi 36. Ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuchukua thamani ya ardhi na kuizidisha kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 katika benki. Faida iliyopotea ni faida halisi ya mwezi mara 36, nayo huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa. Muuza chai wa kijijini ana hesabu zilizokaguliwa na nani? Na mikorosho je? Mkorosho wa miaka 3 si sawa na wa miaka 15, na wa miaka 15 si sawa na ule mzee uliopandwa na babu. Nani anasema mti huu unazaa kilo ngapi, na kilo hizo zitahesabiwa kwa bei ya mnada upi?

Hapa mwanasheria wetu hunyamaza. Si kwa uvivu. Hakufundishwa. Anaweza kusema karatasi ni halali kwa sura yake, lakini hawezi kusema kama tarakimu zilizomo ni za haki. Mzee anasaini, au anakataa kusaini kwa woga tu, na yote mawili ni mabaya.

Tuje kwenye ufuta, mbaazi na korosho. Wilaya zetu mbili pamoja na Liwale zimeungana katika chama kikuu cha ushirika, RUNALI, na mazao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria yake mwaka 2005. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, hupewa stakabadhi, unakuja mnada, kisha fedha huingia benki. Kinachoingia ni kilichobaki baada ya makato: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, fungu la AMCOS, fungu la chama kikuu. Manung'uniko tunayoyasikia kila msimu huzaliwa katika pengo kati ya bei iliyotangazwa mnadani na fedha iliyofika mkononi. Mara nyingi pengo hilo lina maelezo halali. Mara nyingine halina. Wa kutofautisha ni mtu anayeweza kuisoma Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akasoma taarifa ya mkaguzi wa hesabu inayosomwa haraka haraka kwenye mkutano mkuu huku watu wakisubiri soda.

Wenye macho hayo mawili ni wachache sana huku kwetu. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee, na mara nyingi vidole viwili tunavyovihitaji viko katika mikono miwili tofauti, mmoja Lindi mjini na mwingine Dodoma, nayo haijapata kusalimiana.

Tukisema hivi hatuzuli jambo jipya. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakuna frateri wa falsafa anayemkwepa, anaifafanua sheria kuwa ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa. Tumezoea kukariri fafanuzi hii kwa mtihani. Lakini tazama maana yake: sheria haijitazami yenyewe. Inatazama manufaa yaliyo nje yake, na manufaa hayo ni shamba, mzani, mshahara, afya, maji ya kisima. Anayejua agizo bila kujua manufaa yanayolengwa anajua nusu. Tunadhani hii ndiyo sababu ya kifalsafa ya kutetea elimu mbili, nayo ina nguvu kuliko ile ya soko la ajira ambayo husemwa zaidi.

Kanisa limewafahamu watu wa namna hii zamani. Mtakatifu Ivo, msimamizi wa mawakili, alizaliwa mwaka 1253 huko Bretagne, Ufaransa. Alisoma falsafa na teolojia Paris, kisha sheria Orléans, akawa hakimu wa Kanisa na padre, na alijulikana kwa kuwatetea maskini bila malipo. Na Baba Mtakatifu Leo XIV alianza na shahada ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Villanova, akasoma teolojia, ndipo akachukua udaktari wa Sheria za Kanisa Roma mwaka 1987. Hatudai kwamba hisabati ndiyo iliyomfikisha huko! Tunasema tu kwamba haikumpotezea muda.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la fedha na miaka. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi huunganisha shahada mbili ili mtu aokoe mwaka: ya sheria na ya biashara pamoja huchukua miaka 4 badala ya 5. Kwetu tulirithi utaratibu wa Kiingereza, ambapo sheria ni shahada ya kwanza. Hakuna kuunganisha, ni kupanga foleni. Shahada ya sheria miaka 3 au 4 kutegemea chuo, kisha Shule ya Sheria kwa anayetaka uwakili, kisha uzamili wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Ni kama miaka 7, na mzazi anauza ufuta kulipia kila mmoja.

Tena hiyo foleni ina mlango mwembamba. Mwaka 2022 taifa zima lilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria ya Tanzania waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kwa hiyo tunawasihi wenzetu: uzamili usiwe maficho. Anayekimbilia shahada ya pili kwa sababu anaiogopa Shule ya Sheria atabaki na vyeti viwili na asiweze kusimama mahakamani kumtetea mtu. Kwanza amalize uwakili. Kisha afanye kazi miaka miwili au mitatu, ikiwezekana huku huku, asikie kesi zinazokuja mezani. Kesi hizo ndizo zitakazomwambia asome nini: uthamini na usimamizi wa ardhi Chuo Kikuu Ardhi, ushirika Moshi, uhasibu, uchumi wa kilimo Sokoine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hatuwezi kulimaliza. Profesa Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais ya Ardhi mwaka 1991 na 1992, ni msomi wa sheria kwa shahada zake zote, na bado amezama katika historia na uchumi wa siasa kuliko wengi wenye vyeti vya fani hizo. Je, cheti cha pili ni cha nini basi, kama mtu anaweza kusoma mwenyewe? Tunakubali: mwenye bidii ya namna hiyo asisumbuke na ada. Lakini wengi wetu si watu wa namna hiyo. Wengi wetu tunahitaji mwalimu, ratiba na mtihani ili tusome kitu kigumu hadi mwisho, na kutokuwa na uzamili haijapata kumfanya mtu asome zaidi usiku.

Nachingwea, kwa bahati mbaya, ina kumbukumbu yake ya mipango iliyojua upande mmoja. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 hapa, Kongwa na Urambo, ulikuwa na fedha, matrekta na sheria ya Bunge lao nyuma yake. Ulikufa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36, kwa sababu udongo na mvua havikuulizwa vya kutosha. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake nayo ikaja kung'olewa. Wazee wanaokumbuka wapo bado.

Neno letu la mwisho ni kwa wakubwa wetu na kwa halmashauri za walei, kwa heshima. Padre anapopelekwa masomo ya juu ya sheria, iwe za Kanisa au za nchi, iulizwe pia fani ya pili itakayomsaidia kuwahudumia watu ambao ardhi na mazao ndiyo maisha yao. Na hatuna haja ya kusubiri miaka 7. Wapo wanafunzi wa sheria na wa uhasibu wanaorudi nyumbani likizo, wanakaa vijiweni wakitazama simu. Parokia iwape meza moja nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, wakae wawili wawili, mmoja wa vifungu na mmoja wa tarakimu, na watu walete karatasi zao. Waanze na stakabadhi za msimu uliopita. Zipo majumbani, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati.