Picha ya sukari kwenye simu haitoshi, tuulizie na figo

Siku hizi si ajabu mtu aliyeko Leicester, Muscat au Minneapolis kuamka asubuhi na kukuta kwenye simu yake picha kutoka nyumbani: kimashine cha kupimia sukari na namba yake. Mzee kapima kabla ya chai, 6.4. Mtoto anajibu "Alhamdulillahi baba", kisha anakimbilia kazini. Hatuna ugomvi na utaratibu huu, na sisi wenyewe tunaufanya. Tunachosema ni kwamba picha hiyo inaweza kumdanganya aliyeituma na aliyeipokea.

Kisukari kikikaa miaka mingi mwilini huharibu vichujio vidogo vidogo vya figo. Katika kila wagonjwa 10 wa kisukari, kati ya wawili na wanne hupata maradhi ya figo, na maradhi hayo mwanzoni hayaumi. Mgonjwa anakula, anakwenda msikitini au kanisani, anacheza bao. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi figo zimeshachoka sana.

Na hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Figo zinaposhindwa kazi, insulini na baadhi ya vidonge hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari huweza kuanza kushuka ingawa dozi ni ile ile. Namba kwenye simu zinapendeza. Nyumbani wanashukuru, jirani anasema ile dawa ya mitishamba imefanya kazi, kumbe ni figo zinazokwisha.

Zipo programu nyingi za simu za kumsaidia mgonjwa kujiangalia mwenyewe: kuandika sukari na presha, kukumbushwa dawa, kuhesabu chakula. Si mbaya, ila nyingi zimetengenezwa kwa mtu anayekula mkate na jibini na kusoma Kiingereza. Mama wa Tanga akitafuta humo bada, mandazi au maharage ya nazi ataambulia patupu. Wala si lazima kila kitu kiwe cha kisasa. Mwaka 2014 Senegal iliwatumia watu wenye kisukari ujumbe mfupi wa simu wakati wa Ramadhani kuwapa maelekezo, katika mpango ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Kwa kazi kama hiyo hata kitochi kinatosha.

Lakini figo hazionekani kwenye kimashine cha sukari. Zinaonekana kwa vipimo viwili: mkojo, kuangalia kama unavujisha protini iitwayo albumini, na damu, kuangalia kreatinini. Mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa apimwe vyote viwili tangu siku aliyogunduliwa, na angalau mara moja kila mwaka baada ya hapo. Huko England baadhi ya wagonjwa hupelekewa boksi nyumbani; mtu anachovya kijiti kwenye mkojo, anakiweka juu ya kadi ya rangi, anapiga picha kwa simu, na majibu yanafika kwa daktari wake. Tunashuku kwamba wapo wasomaji wetu ambao boksi hilo bado limo kabatini halijafunguliwa.

Tofauti iko hapo. Picha ile ya England inapokelewa na mtu anayejua kuisoma. Picha ya mzee wetu inapokelewa na dereva wa teksi, mlezi wa wazee au mwanafunzi, ambaye hajui kwamba 6.4 ya leo na 9 ya mwaka jana zinahitaji maelezo.

Hatuzitaki Wizara za Afya za Tanzania, Kenya na Zanzibar zitununulie programu ya bei mbaya. Tunataka kliniki za kisukari ziwe na namba moja ya simu na muuguzi mmoja mwenye kazi ya kusoma namba zinazotumwa, akiwa na rekodi ya kreatinini ya mgonjwa mbele yake, na mwenye uwezo wa kusema "mzee, njoo kesho".

Na sisi wa ughaibuni tuna letu. Tumezoea kuchangishana mgonjwa akishafika kwenye mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, maisha yote asipopata figo nyingine. Kweli Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini ndugu wa kutoa figo hapatikani kila nyumba. Gharama ya kupima mkojo ni ndogo sana ukilinganisha na safari moja ya mashine. Ugonjwa ukijulikana mapema dawa zipo: losartani ilithibitika tangu 2001 kupunguza kasi yake, na dapagliflozini ikafuata mwaka 2020, kila moja kwa ushauri wa daktari. Hata kuacha diklofenaki za kununua dukani kila mgongo ukiuma ni nafuu kubwa kwa figo, na hilo halihitaji hata shilingi ya kutumwa.

Kesho picha ikija, kabla ya kujibu Alhamdulillahi, tuulize: mkojo ulipimwa lini, na kreatinini ilikuwa ngapi? Asipojua, tutume hela ya kipimo na atutumie picha ya karatasi ya majibu, baada ya daktari kuiona.