Mashauri kwa Wenye Magari: Pikapu Inayotetemeka Baada ya Kubadiliwa Giya za Difu

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya gari lenye ila ni mtikisiko wake. Lakini si kila ausikiaye mtikisiko ajuaye unakotoka. Jambo hili huwapata wenye pikapu wa pande za Thika na Ruiru, hasa wale waliobadili giya za difu ya nyuma ili gari lipate nguvu ya kupanda milima.

Sababu ya kuzibadili yaeleweka. Upande wa magharibi, kwenda Gatundu na Githunguri, nchi ni migongo na mabonde, na anayepandisha mawe ya kujengea kutoka Ndarugo hutaka gari livute bila kuunguza klachi. Lakini gari hilo hilo hutakiwa pia kushuka na kwenda mbio katika barabara kuu ya Nairobi na Thika, yenye urefu wa kilometa 50 hivi, ambayo baada ya kupanuliwa ilifunguliwa mwaka 2012. Giya zilizo njema mlimani huonyesha tabia nyingine katika barabara pana iliyonyooka.

Tazama mfano wa mkulima mwenye pikapu ya Toyota ambayo difu yake ilikuwa na kraun ya meno 41 na pinioni ya meno 10, yaani uwiano wa 4.1. Akatia nyingine yenye kraun ya meno 39 na pinioni ya meno 8, yaani 4.875. Mlimani gari lampendeza. Lakini aingiapo barabara kuu pale Ruiru na kuongeza mwendo kuelekea Juja, sakafu yavuma na kioo cha nyuma chatetemeka. Fundi asema giya alizoletewa ni mbovu. Aliyeziuza asema fundi hajui kufunga. Fedha za kahawa zimekwisha kutumika, naye mkulima yu katikati, hajui amwamini nani.

Kabla ya kulaumiana, yafaa hesabu ifanywe. Tairi lenye mzunguko wa meta 2.2 huzunguka mara 606 hivi kwa dakika gari likienda kilometa 80 kwa saa. Kwa giya za kwanza propela shafti, ule mhimili mrefu utokao giaboksi kwenda difu, ilizunguka mara 2,485 kwa dakika. Kwa giya mpya huzunguka mara 2,955. Mwendo wa gari ni ule ule, lakini shafti yaenda kasi ambayo zamani iliipata gari likiwa katika mwendo wa 95. Tena kani ya shafti isiyo sawa kwa uzito haiongezeki kwa kadiri ya kasi tu, bali kwa mraba wake. Hivyo ongezeko la kasi la sehemu 19 katika mia huzidisha kani kwa sehemu 41 katika mia. Ila ndogo iliyokuwa imelala miaka mingi yaweza kuamka siku hiyo, na giya mpya zisiwe na kosa lolote.

Sasa mkulima atajuaje kama ila ni ya zamani au imeletwa na kazi ya kufunga? Shahidi yuko mbele ya macho yake. Katika pikapu nyingi za zamani spidomita huendeshwa kutoka nyuma ya giaboksi, yaani huhesabu mzunguko wa shafti, si wa magurudumu. Baada ya kubadili giya namna hii, gari likienda 80 mshale husema 95. Kwa mwendo wa gari mshale huo umekuwa mwongo, lakini kwa shafti ungali msema kweli. Ikiwa zamani mshale ulifika 110 pasipo mtikisiko, na sasa mtikisiko waanza mshale ukiwa 90, shafti haijafikia kasi ngeni kwake. Aghalabu ila imeingia wakati wa kufunga. Lakini ikiwa mtikisiko hauanzi mpaka mshale upite pale usipofika zamani, basi yaelekea shafti ilikuwa na ila tangu hapo. Magari mapya yanayopima mwendo kwenye magurudumu hayana ushahidi huu, na mwenyewe hana budi kupiga hesabu.

Kisha injini na magurudumu yaondolewe katika shaka. Mahali pasipo na msongamano, mtikisiko ukiwapo, dereva akanyage klachi kidogo: injini ikishuka kasi na mtikisiko ukabaki, injini haina hatia. Gurudumu lenye ila hutikisa polepole, mara kumi hivi kwa sekunde katika mwendo wa 80, na mara nyingi husikika katika usukani au kiti. Shafti hupiga mara 49 kwa sekunde, nayo husikika kama mvumo wa sakafu. Kraun na pinioni zisizopangwa vema kwa kawaida hulia kama filimbi, na mlio hubadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Mlio na mtetemeko ni mashtaka mawili mbalimbali.

Ikiwa shaka imeangukia kazi ya kufunga, gari liwekwe juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yazuiwe, injini izimwe, na shafti izungushwe kwa mkono. Kwanza itazamwe flenji ya pinioni: uchafu kidogo au kutu kati ya nyuso mbili hupindisha shafti nzima. Pili, kama shafti ilichomolewa katika kiungo chake cha kuteleza, masikio yenye krosi ya mbele na ya nyuma yawe katika mstari mmoja. Yakipishana hata jino moja, mvumo huja. Tatu, kama yubolti za springi zilifunguliwa, ipimwe pembe: mstari wa pinioni na ule wa mhimili utokao giaboksi iwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi. Nne, flenji zilizofungwa bila alama zijaribiwe kugeuzwa nusu mzunguko.

Ikiwa ila ni ya zamani, zitafutwe krosi zilizolegea, beringi ya katikati iliyochoka kwa shafti ya vipande viwili, bomba lililobonyea kwa jiwe, tope lililoganda, au kovu la kuchomelea mahali palipotoka kipande cha kusawazisha uzito. Kijiti kilichofungwa kwenye chasisi, ncha yake karibu kugusa shafti, huonyesha kama imepinda. Iliyopinda haiponi kwa nyundo. Ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shafti inayotetemeka hula sili ya pinioni, kisha beringi ya giaboksi, mwisho krosi. Krosi ya mbele ikikatika katika mwendo mkubwa, shafti huanguka na kuchimba lami, na waliopanda nyuma ndio huumia. Kwa hiyo mwenye gari anayekusudia kubadili giya za difu aandike kwanza, kabla halijafunguliwa, mshale umefika wapi pasipo mtikisiko, na fundi atie alama ya rangi katika kila flenji. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo yaweza kuamua haki kati ya mwuzaji, fundi na mkulima.